Aliambiwa Asingizie Mtandao, Akamwambia Bosi Ukweli

Mjini hapa mfumo wowote ukikwama utaambiwa tatizo ni mtandao. Kuna mshkaji mmoja wa Sinza anajua vizuri kauli hiyo inavyookoa watu.

Mshkaji anaandika programu kwenye kampuni ndogo inayouza tiketi za shoo. Siku hiyo tiketi za shoo kubwa zilikuwa zinaachiwa saa 12 jioni, na yeye alishapandisha toleo jipya linalotenganisha VIP na kawaida. Kwenye laptopu yake lilikuwa linateleza kama mlenda. Ilipofika saa 12 na dakika chache, simu zikaanza kulia. Watu wanalipa, hela inaingia, tiketi haitoki!

Kijasho chembamba. Promota anafoka, bosi yuko njiani. Jamaa wa mauzo akamnong'oneza, "We sema mtandao, yaishe."

Dada mmoja mkongwe pale ofisini akavuta kiti, akauliza swali moja tu: "Mdogo wangu, kwenye databesi ya laptopu yako ulibadilisha nini ambacho hukukiandika popote?"

Hapo ndipo akakumbuka. Mwezi mmoja nyuma, usiku, aliongeza kolamu ya aina ya tiketi kwa mkono, akaendelea na maisha. Programu ikapanda laivu, kolamu ikabaki nyumbani. Kila programu ikijaribu kuandika tiketi, databesi inajibu kolamu hiyo haipo.

Akataka kuiongeza fasta, na sharti juu kwamba isikae tupu. Databesi ikagoma. Kwenye laptopu jedwali halikuwa na kitu, lakini laivu kulikuwa na maelfu ya tiketi za zamani zisizo na aina. Dada akamtuliza: chukua nakala ya akiba kwanza, ongeza kolamu bila sharti, zile za zamani zote zijaze "kawaida", halafu ndiyo uweke sharti lako. Tiketi zikaanza kutoka.

Bosi anaingia, mshkaji akasimama. "Bosi, si mtandao. Ni mimi."

Ofisi nzima kimya. Bosi hakumfukuza. Alimwambia kila aliyelipa bila kupata tiketi amtafute mwenyewe, mmoja mmoja, usiku huohuo. Alimaliza saa 9 usiku, macho mekundu.

Siku hizi pale ofisini hakuna anayegusa databesi ya laivu kwa mkono. Kila badiliko linaandikwa kwenye faili lenye namba, linakaa kwenye Git pamoja na programu. Zana kama Flyway inaweka kumbukumbu ya faili zipi zimeshapita, kwa hiyo laptopu, seva ya majaribio na laivu zote zinapita njia ileile kwa mpangilio uleule. Faili lililoshapita laivu haliguswi tena. Ukikosea unaandika jipya. Na kolamu ya zamani inafutwa mwisho kabisa, ikishahakikishwa hakuna programu inayoiita.

Promota yule aliporudi na shoo nyingine, aliuliza kwanza kama yule kijana bado yupo. Eti kwa miaka yote aliyouza tiketi, ni yeye peke yake aliyewahi kumwambia tatizo si mtandao.

Wadau, ingekuwa wewe, na bosi ndiyo huyo mlangoni, ungesema nini? Funguka hapo chini.