Kuitwa Mtoro Uzeeni

Katika miaka yangu ya ualimu niliandika neno "mtoro" mara nyingi mno kwenye daftari la mahudhurio, wala sikuwahi kufikiri kwamba iko siku nami nitaitwa hivyo, tena na mashine.

Jambo lenyewe ni kandanda. Simaanishi ile ya uwanjani, kwani magoti yangu yalikwisha kuiaga zamani, bali ile inayochezwa kwenye televisheni kwa kubonyeza vitufe. Mwanangu alipokuja likizo aliniachia mashine ya kuchezea, akaniunganishia intaneti, ili nicheze na mjukuu wangu aliyeko Uingereza. Kijana ana miaka 12. Kwenye simu hana neno: "Shikamoo Babu", "nzuri", "ndiyo", kisha kimya, nami nabaki kumsimulia habari za mvua. Lakini akiwa na mpira wa kukimbiza, mdomo humfunguka. Huku ananifunga, huku ananieleza kwa Kiswahili chake cha kuchanganya ni mwalimu gani mkali na ni rafiki yupi amehama. Kwa hiyo kila Jumamosi saa kumi jioni, mimi mzee wa miaka 74 huvaa miwani na hedifoni, nikakaa mbele ya televisheni. Bibi yake hupita akicheka.

Taabu yetu ni njia. Mwanzoni nilidhani ni uzito wa vidole vyangu. Nabonyeza kitufe ili mchezaji wangu apige mpira. Yeye anatulia kama mtu anayekumbuka deni, ananyang'anywa, ndipo anapiga teke hewani. Mwanangu alinifafanulia, nami nikaikumbuka fizikia kidogo niliyoipata chuo cha ualimu. Mchezo wenyewe hauko sebuleni kwangu wala kwa mjukuu wangu. Uko kwenye kompyuta iliyo mbali, inayoitwa seva, na sisi sote wawili tunatazama picha ya yale inayotuambia. Mwanga ndani ya uzi wa kioo huenda kama kilomita 200 katika kila sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kama njia ina urefu wa kilomita 10,000, basi kwenda na kurudi ni sehemu 100 za namna hiyo, na hapo kila kitu ni kizima. Kwa barua huo si muda. Kwa golikipa ni bao. Na ujumbe ukipotea njiani, mashine yangu hukisia tu wachezaji walipo; habari za kweli zikifika, wanaruka huku na huku kama panzi.

Ziko siku ambazo sababu ni kubwa kupita nyumba zetu. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili zilizolazwa chini ya bahari zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, mtandao ukadorora hapa Tanzania na kwa jirani zetu. Siku kama hiyo mtu hukubali. Kinachochosha ni kukatika kudogo kwa kila wiki, kusiko na tangazo wala maelezo.

Jumamosi moja nilikuwa ninaongoza mabao mawili kwa moja, dakika ya 80. Sijawahi kumshinda mtoto yule hata mara moja. Mwenyewe alikuwa ameacha kushangilia, sauti imeshuka, akaanza kusema: "Babu, kuna mtoto mmoja shuleni, yeye ana..." Picha ikaganda. Iliporudi, nilikuta nimeandikiwa kushindwa kwa sababu ya kuondoka mchezoni. Sheria hiyo ina maana yake, maana wapo wachezaji wanaochomoa waya wakiona wanafungwa. Ila mashine haimtofautishi aliyechomoa na aliyekatikiwa.

"Babu, umekimbia?" aliniuliza tulipokutana tena. Nikasema sikukimbia, na huyo mtoto wa shuleni ana nini? Akajibu, "Hamna kitu, Babu."

Nililala na hasira. Sikuihesabu ile mechi, ingawa nilistahili kuishinda. Nilikuwa nikikisia sentensi iliyokatika ingemalizikaje, na ndipo likanijia daftari la mahudhurio.

Shule niliyoiongoza mwisho ilikuwa kando ya mto, na baadhi ya wanafunzi walivuka kutoka ng'ambo kwa mtumbwi. Nilifunga lango saa moja na nusu kamili. Aliyechelewa alihesabiwa mtoro, na nilikuwa na sababu yangu, maana wapo waliokuwa wakijificha mikokoni hadi vipindi vya hesabu vipite. Alikuwapo kijana mmoja wa darasa la sita. Masika yale mto ulijaa, naye alifika mara kwa mara lango likiwa limefungwa. Siku moja alikuja amelowa hadi kifuani. Nilimwambia kulowa si udhuru, nikaandika. Sikumwuliza mtumbwi ulikuwa wapi, wala amevukaje. Muhula uliofuata hakurudi, na sehemu zake katika daftari nikazipiga mstari kwa wino mwekundu, mstari ulionyooka vizuri, kwa rula.

Nimemsimulia mjukuu wangu habari hiyo, tukiwa katikati ya mchezo. Alikaa kimya kidogo, akauliza, "Alikuwa anaogelea?" Nikamwambia nadhani ndivyo. Habari za mtoto wa shuleni kwake bado hajaniambia, nami simsukumi.

Jumamosi iliyopita tulikuwa dakika ya 70, nimekwisha kufungwa mawili, picha ikaganda tena. Nikahesabu hadi kumi na moja. Iliporudi nilitarajia kukuta la tatu. Mshambuliaji wake alikuwa peke yake mbele ya lango langu, amesimama, kaukanyaga mpira.

"Babu, upo?"

"Nipo."

Akafunga.