Nilikaa Kwenye Viti vya Watazamaji wa Kipindi cha TV, Kicheko Changu Kikapelekwa Kusikohusika

Leo sina habari ya nani kaachana na nani. Leo tuongelee sisi wenyewe, yaani wale wanaokaa kwenye viti mbele ya staa wanapiga makofi. Tangu niseme kwamba nilishawahi kwenda kurekodiwa kama mtazamaji kwenye kipindi cha mahojiano cha TV, naulizwa maswali yale yale: unalipwa? Staa unamshika mkono? Eti ni kweli watu wanacheka vile? Nawajibu yote. Ila kipindi sikitaji, mtangazaji simtaji, na mgeni wa siku ile simtaji hata mnibembeleze. Mkifika mwisho mtaelewa kwa nini.

Kwanza, kuingia ni bure. Walitangaza Instagram, unatuma jina, umri na picha yako, ukichaguliwa unapigiwa simu. Mimi nilikuwa nimeshuka Dar kutoka kwetu Mpuguso, pale Tukuyu, kumsalimia mama mdogo. Wanaoijua ile njia wanajua: unaondoka kwenu na sweta, unapita Mbeya, Makambako, unashuka Kitonga, ukifika Mbezi stendi ya Magufuli sweta limekuwa mzigo. Nikatuma picha kwa utani tu. Siku ya pili nikapigiwa.

Masharti ya nguo yapo. Usivae nyeupe tupu, usivae mistari midogo midogo maana inachezacheza kwenye kamera, usivae tisheti yenye nembo ya kampuni. Tuliambiwa tufike saa tatu asubuhi, kurekodi kukaanza saa nane mchana. Simu mnaacha mlangoni, zinatiwa kwenye bahasha. Malipo ni chupa moja ya maji na sambusa mbili. Halafu kuna kiyoyozi! Zile taa zina joto, kwa hiyo wanawasha baridi hasa. Wadada wa mjini na mabega yao wazi wakawa wanatetemeka. Mimi niliyekulia Rungwe, kwenye mvua ambayo nguo inakaa kwenye kamba siku tatu haijakauka, nikaona niko nyumbani kabisa.

Viti hamchagui nyie. Waliopendeza mbele, wa kawaida pembeni, na mama mmoja wa makamo aliyevaa kitenge akapelekwa safu ya mwisho, nyuma ya kamera. Mimi nilikuwa na gauni la kijani la kuazima, nikapewa safu ya pili katikati. Nikajiona nimeukata.

Sasa hapa ndipo palipo na kazi yenyewe. Kabla mgeni hajaingia, anakuja kaka mmoja ana vifaa masikioni, anawafundisha. Makofi ya kawaida. Makofi ya kusimama. Mshangao: "Haaa!" Huzuni: unakunja uso unatikisa kichwa. Halafu kicheko. Yule kaka akatupigia stori ya konda wa daladala na abiria aliyetoa noti ya elfu kumi saa kumi na mbili asubuhi, jamani nilicheka mpaka machozi. Kumbe muda wote ule kamera zinatembea, zinatuokota sura moja moja. Hakuna aliyetuambia zile sura zinaenda kuwekwa wapi.

Mtangazaji akaingia, akasema "usiku wa leo tuko nanyi", na nje jua la saa nane linachoma. Hilo halikunisumbua, kila kazi ina namna yake. Na wala haya mambo si ya Bongo peke yake. Marekani miaka ya 1950 kulikuwa na fundi sauti anaitwa Charley Douglass, alitengeneza mashine yenye vicheko vilivyorekodiwa. Anabonyeza kitufe, watu wanacheka. Kuna vichekesho vingi vya zamani ambavyo kicheko unachokisikia kimetoka kwenye boksi. Na ile siku maarufu ya Oprah kule Chicago, Septemba 13, 2004, walipogawa magari 276 ya Pontiac kwa watazamaji, zile kelele zilikuwa za kweli kabisa, ila kamera haikuwafuata watu walipokuja kudaiwa kodi ya maelfu ya dola kwa ajili ya zawadi hiyo. TV inaonyesha kipande inachokitaka. Hilo tunalijua wote.

Nisichokijua ni kwamba na mimi nilikuwa kipande.

Mgeni alikuwa dada mmoja msanii. Alikuwa amepotea kwenye gemu zaidi ya mwaka, na mitandaoni tulishasikia kila kitu: kaolewa kwa siri, kafulia, kapata mzee wa kumlea. Alivyoingia tulisimama, tukapiga yale makofi tuliyofundishwa. Mwanzo mzuri, anacheka, anatania. Mtangazaji akamsogelea na swali la siku: "Ulikuwa wapi muda wote huo?"

Yule dada akakaa kimya. Kwenye TV sekunde kumi ni nyingi sana. Halafu akaanza kueleza. Alichosema ni msiba wa ndani ya nyumba yake, na mimi sitauandika hapa. Najua kuna mtu anasema, "Si useme tu, humtaji jina." Hapana. Mkiunganisha mtamjua kwa dakika tano, nawajua. Yeye mwenyewe akitaka kuusema tena atausema.

Ninachoweza kuwaambia ni hali ya mle ndani. Watu kama themanini, hakuna aliyekohoa. Yule kaka wa vifaa masikioni alikuwa ananyanyua mkono, sijui alitaka makofi au nini, hakuna aliyemfuata. Dada kainama anafuta macho kwa kiganja, vipodozi vinashuka. Ndipo kule nyuma kabisa, yule mama wa kitenge akasema kwa sauti, wala hakuulizwa, "Pole mwanangu. Pole sana." Sauti yake ilifika mpaka jukwaani. Dada akanyanyua kichwa, akamtafuta kwa macho, akaitikia, "Asante mama." Wakasimamisha kurekodi, akapewa maji, tukaendelea na mambo ya albamu.

Kipindi kilirushwa wiki mbili baadaye, mimi nikiwa bado Dar. Mama yangu Mpuguso alienda kukaa kwa jirani mwenye king'amuzi kilicholipiwa, kawaita na wenzake wa kikundi, wote wanamsubiri mtoto wao atokee. Na nilitokea! Swali likaulizwa, ukimya ukakatwa, maelezo yakakatwa, pole ya yule mama ikakatwa. Kikabaki kipande cha dada anainama anafuta machozi. Halafu ikaja sura yangu, gauni la kijani, nacheka mpaka nimejishika mbavu.

Kicheko cha konda wa daladala.

Simu ikaita. Nikamwamkia, akaitikia kwa mkato. Akasema, "Mwanangu, yule binti alikuwa analia. Wewe ulikuwa unachekea nini?" Nikamweleza, mama, sikucheka pale, nilicheka mapema, wamechukua huku wakaweka huku. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Mimi nakuamini. Lakini hawa niliokaa nao wameona kwa macho yao." Mkumbuke kwetu mtu akiwa na msiba unaenda unakaa. Huna la kusema, unakaa tu chini na wenzako, na kule kukaa kwako ndiyo pole yenyewe. Sasa mtoto wako anaonekana amekaa mbele ya mwenye msiba anakenua. Ile aibu mama aliibeba yeye, sokoni na kanisani.

Na mimi nina nafuu. Yule dada mitandaoni walimla mzima mzima. "Machozi ya kiki." "Hata waliokuwepo pale walimcheka." Hiyo ya pili ndiyo iliyoniuma, maana waliokuwepo ndio mimi. Kicheko changu kiligeuka ushahidi kwamba mtu anadanganya, wakati mimi nilikuwa shahidi kwamba anasema kweli.

Nimewaza sana tofauti ya pale na taarabu. Kwenye taarabu mtu anainuka na noti yake kwenda kutunza kwa sababu ule mstari umemgusa, au unamhusu jirani yake wa meza ya pili na anataka ajue. Anaonekana na ukumbi mzima, na kesho ukimuuliza ulimaanisha nini, anakujibu bila kupepesa. Kile alichokionyesha ni chake. Pale studio tulichoonyesha kilikuwa mali ya mtu mwingine tangu saa tano asubuhi.

Simchukii aliyekata. Pengine ana bosi, pengine dada mwenyewe aliomba ule msiba usirushwe, na kama aliomba ni haki yake. Lakini kukata ni kitu kimoja, na kupachika kicheko juu ya machozi ni kitu kingine. Wangeweka hata picha ya meza.

Kwa hiyo mkialikwa nendeni, inafundisha. Ila kabla hujakaa uliza: sura zetu za mazoezi mnazitumia wapi? Waulize mbele ya wenzako, wakujibu wakiwa wengi wanasikia. Na nyie mnaotazama nyumbani, mkiona mtu analia na watu wanacheka, angalieni vizuri. Ni kamera moja? Yule anayecheka anamtazama nani? Mimi kwenye kile kipande macho yangu yako kulia, aliko yule kaka wa stori. Dada alikuwa kushoto. Ukiangalia mara mbili utaona.

Nilimtumia yule dada ujumbe, nikamweleza kwamba kile kicheko hakikuwa chake. Alijibu baada ya siku nne, mstari mmoja tu: "Najua mdogo wangu, nilikuwa nawaona." Halafu akauliza kama namfahamu yule mama wa nyuma. Simfahamu. Kama wewe ni ndugu yake, au ulikuwa naye siku ile, mwambie anatafutwa kwa heri.