Nilimwita mdogo wangu kilaza, kumbe...

Kuna neno nililitamka mezani kwa mama, Magomeni, mwaka 2004, ambalo mpaka leo likinijia usiku nageukia upande wa pili. Matokeo ya kidato cha nne yalikuwa yametoka, mdogo wangu kapata F ya Fizikia. Mimi, dada mtu, msomi wa familia, nikamwambia mbele ya watu: "Wewe kilaza tu, huna lolote." Hakujibu. Alinyanyuka, akaacha ubwabwa wake, akatoka nje.

Mwaka uliofuata nilikuwa Cape Town nasoma Fizikia chuo kikuu. Jumamosi moja shosti wangu akanivuta: "Twende tukaandike kitabu." Nikacheka. Kitabu gani kinaandikwa na wanafunzi, tena bure, bila hata nauli?

Basi nikasimuliwa chanzo chake. Mwaka 2002, kijana aitwaye Mark Horner, naye mwanafunzi wa fizikia hapo hapo Cape Town, aliwaeleza wanafunzi wa sekondari habari za mawimbi. Alipomaliza, wakamwomba awakagulie walichoandika. Kwa nini? Kwa sababu shuleni kwao hakukuwa na kitabu. Yale waliyoandika ndiyo yangekuwa kitabu chao. Ndipo yeye na wenzake wakaanzisha Free High School Science Texts, mradi wa watu wa kujitolea kuandika vitabu vya sayansi vya sekondari. Mtu yeyote aliruhusiwa kunakili, kurekebisha na kugawa, ilimradi naye awaachie wengine ruhusa ile ile.

Kila mtu anachukua kipande chake, anaandika, anatuma. Wengine, wakiwemo watu wa nchi za mbali ambao hutakaa uwaone, wanasoma na kurekebisha. Mimi nikapewa masi na uzito. Nikaandika kwa mbwembwe, na mfano wangu ukawa wa mtu aliye ndani ya lifti.

Siku tatu baadaye ikaja barua pepe ya mtu nisiyemjua: "Umeandika kwamba uzito wa huyu mtu ni kilo 60. Kilo ni kipimo cha masi. Uzito unapimwa kwa nyutoni."

Jamani, nilikasirika! Sio kwamba sikujua. Ni mazoea tu, sokoni kwetu kila kitu ni "uzito wa kilo". Lakini nani huyu wa kunifundisha mimi? Nikamwambia shosti sirudi tena. Akaniuliza, "Kwani kitabu ni chako au ni cha watoto?" Nikanuna wiki nzima, halafu nikarekebisha.

Desemba nikarudi Dar. Natafuta shuka kabatini kwa mama, nikakutana na daftari la Fizikia la mdogo wangu. Nikalifungua nikitegemea kukuta michoro ya magari na majina ya wasichana. Kumbe mwandiko safi, vichwa vya habari vimepigiwa mstari kwa rula. Na katikati ya ukurasa, amenakili kutoka ubaoni: uzito wa jiwe ni kilo 5.

Kosa langu lile lile! Tofauti ni kwamba mimi nilipata mtu wa kuniambia. Yeye alilikariri, akaingia nalo kwenye chumba cha mtihani. Nilikaa sakafuni na lile daftari mpaka mama akaja kuniuliza kama naumwa.

Jioni nikamfuata Kariakoo alikokuwa anauza vipuri vya magari. Kumwomba radhi mdogo wako si mchezo. Mdomo unakuwa mzito. "Nisamehe kwa lile neno," nikamwambia. "Neno gani?" akauliza, ingawa macho yake yalilijua. Nikamwonyesha daftari. Akalitazama muda mrefu. "Dada, uliniumiza. Mimi nilikuwa nasoma."

Nilikuwa na kurasa zangu kwenye mkoba. Nikamwomba anisomee, aniambie asipoelewa. Hakufika mbali. "Dada, huko vijijini nani kapanda lifti? Weka maji. Ndoo ya maji kila mtoto kaibeba."

Nikaweka maji. Lita 20 masi yake ni kilo 20. Dunia inavuta kila kilo kwa nyutoni 9.8, kwa hiyo uzito wake ni nyutoni 196. Yapeleke mwezini: masi ni kilo 20 zile zile, ila uzito unashuka hadi kama nyutoni 32. Akasoma, akanyamaza. "Mbona ni rahisi hivi?" Hakusema kwa furaha. Alisema kama mtu aliyeibiwa.

Mradi ule baadaye ulizaa Siyavula, neno la Kixhosa lenye maana ya "tunafungua". Mwaka 2012 serikali ya Afrika Kusini ilichapisha vitabu vyake vya hisabati na sayansi kwa darasa la 10 hadi la 12, zaidi ya nakala milioni 2, ikavigawa shuleni. Wengi walivipitia na kuvirekebisha baada yetu, na ndivyo inavyotakiwa.

Mpenzi msomaji, mimi si mtu wa kukubali kosa haraka, muulize mume wangu. Lakini siku hizi mtu akinisahihisha najitahidi kujiuliza kwanza kama anasema kweli, halafu ndio nijiulize yeye ni nani.

Mdogo wangu sasa ana binti yupo kidato cha pili, anasoma kwenye simu ya baba yake. Juzi usiku kanipigia, hata salamu hakunipa. "Dada, hili swali la tano jibu lao silielewi. Hebu tulipige pamoja, kama wamekosea tuwaandikie." Tulikesha nalo hadi saa sita. Jibu lao lilikuwa sahihi. Tulicheka sana.