Coccinelle ya mzee yapata kioo tena

Bukavu. – Karibu miaka miwili, mzee mmoja wa komini ya Ibanda aliendesha Coccinelle yake ya mwaka 1966 bila kioo cha pembeni hata kimoja. Mtu wa kukaa mbele ndiye alikuwa kioo: "Angalia nyuma, motari iko inakuja?"

Wiki iliyopita jibu lilichelewa. Kwenye njia ya Essence kwenda Panzi, mzee alipokata kushoto, motari aliyekuwa anampita aligonga mlango wa dereva. Alikuwa amebeba mama aliyekimbia vita kutoka Kalehe, mtoto mgongoni. Hakuna aliyeumia, lakini mama aliketi kando ya barabara akitetemeka muda mrefu, na mzee hakumaliza safari yake.

Kesho yake alipeleka gari kwa fundi mmoja wa upande wa Nyawera. Fundi huyo naye ni mkimbizi wa ndani. Alifika mjini na mfuko wa vyombo tu.

Katika Coccinelle za miaka ile, kijiti cha kioo kiliingia kwenye bawaba ya juu ya mlango. Bati halikutobolewa, basi maji hayakupata njia. Kioo cha mzee kilipoibiwa, mtu fulani alitoboa mlango mara mbili ili afunge kioo cha pikipiki, bila mpira, bila rangi. Kioo chenyewe kilianguka, matundu yakabaki, na mvua ya hapa, inayoanza Septemba na kufika Mei, ikaingia humo.

Fundi alitoa kifuniko cha ndani cha mlango, akachokoa bati kwa bisibisi. Kutu ilianguka kama majani ya chai.

"Papa, hii tundu njo ilikula mlango."

Kioo cha bawaba hakikupatikana. Walipata kingine kwenye gari bovu, chenye mguu mpana wa kufunika matundu yale. Kabla ya kukaza chochote, fundi alimwambia mzee aketi kwenye kiti chake, akasogeza kioo mpaka mzee alipoona barabara ya nyuma, na kile kidirisha kidogo cha mbele kikafunguka bila kugusa. Wengi husahau hilo, wanatoboa kwanza. Halafu alikwangua kutu, akapaka rangi kwenye kingo za matundu, akakata kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu kiwe chini ya mguu wa kioo, na ndani ya mlango akaweka kipande cha chuma, maana bati ni jembamba.

Ugomvi ulikuja kwenye silikoni. Mzee alikuwa amenunua ya bei ndogo, ile inayonuka siki. Fundi alikataa: aina hiyo hutoa asidi inapokauka, na chuma huanza kutu chini yake. Wakatafuta nyingine. Tena mzee alitaka kuondoka na gari jioni ileile.

"Papa, acha ikauke. Mvua ikiipiga sasa, tutarudilia yote."

Mzee alirudi kwa miguu, amekasirika.

Siku ya pili jioni walimwaga ndoo nzima ya maji juu ya mlango. Penye kioo, ndani palikuwa pakavu. Lakini maji yalitiririka chini ya mlango, na mzee akaanza kulaumu. Fundi akamwonyesha: hayo yamepitia kando ya kioo cha dirisha, kama katika kila gari, na kiwanda kiliacha matundu chini ili yatoke. Ya mlango huu yalikuwa yamezibwa na udongo. Ameyazibua kwa waya.

Upande wa kuume bado hauna kioo. Pesa iliisha.

Safari ya kwanza, mzee alienda kumsalimia yule mama kwenye familia iliyompokea. Mama alimpokea vizuri, akamshukuru. Mzee alipomwambia apande ampeleke Panzi, alisema atatembea.