Mchezaji Aliyekwama Kwenye 1300

Kila anayecheza sataranji kwa njia ya intaneti hupewa namba. Akishinda, namba yapanda, akishindwa, yashuka, nayo hukaa mbele ya macho yake asubuhi na jioni, kando ya jina alilojichagulia. Msingi wa hesabu hiyo uliwekwa na Arpad Elo, mwalimu wa fizikia mzaliwa wa Hungaria aliyeishi Marekani, na shirikisho la sataranji la dunia liliipokea mwaka 1970. Kwenye Lichess, uwanja wa bure ulioanzishwa na Mfaransa mmoja mwaka 2010, hesabu imeboreshwa kidogo, na kila mgeni huanzia 1500, kisha michezo yake mwenyewe humpeleka panapomstahili. Namba hiyo haipimi akili ya mtu. Yasema jambo moja tu: ukikutana na huyu leo, tumaini lako la kumshinda ni kiasi hiki. Lakini ni wachache wanaoisoma hivyo.

Mpwa wetu haisomi hivyo. Ana miaka 27, ni mwalimu wa darasa la nne hapa Bukavu. Kutoka 1500 ya mgeni alishuka upesi hadi chini ya 1200, akapanda kwa jasho, na sasa yapata miaka miwili anazunguka kati ya 1250 na 1320 kama mbuzi aliyefungwa kambani. Akifika 1320 jioni, kabla ya usiku wa manane amekwisha kurudi alikotoka.

Hatungechukua ukurasa huu kwa ajili ya mchezo wa simu tu. Ila siku moja, akiwa anasahihisha madaftari, alituambia: "Mjomba, kuna waliozaliwa nacho na kuna wasiozaliwa nacho. Mimi kwenye sataranji sinacho." Kisha akasema neno hilohilo juu ya watoto watatu wa darasa lake, kwamba kwenye hesabu hawanacho, na kwamba amekwisha kuwapeleka benchi la nyuma ili wasiwacheleweshe wenzao. Hapo tulitega sikio. Mtu aliyejifungia mlango mwenyewe ni rahisi kuwafungia na wengine, na watoto wa miaka tisa hawana namna ya kujitetea.

Basi tulimwomba afungue michezo yake 30 ya mwisho, tuisome pamoja, hatua kwa hatua, kama vile mkaguzi asomavyo daftari la matayarisho. Sisi si mabingwa. Tulijifunza sataranji tukiwa katika masomo ya ualimu, kwa maneno ya Kifaransa. Kete ambayo Waingereza huiita askofu, sisi tuliiita fou, yaani mwenda wazimu. Kati ya wazimu na uaskofu, katika ukurasa huu tumechagua uaskofu, na msomaji ataelewa kwa nini.

Aliyefundishwa kazi ya ualimu huanza kwa kutazama kile ambacho mwanafunzi anakiweza. Kijana wetu anaweza mengi kuliko anavyodhani. Hutoa kete zake mapema, hazilali nyumbani. Humficha mfalme wake pembeni kabla vita havijapamba moto. Humwona farasi anapoweza kuruka na kutishia kete mbili kwa pamoja, jambo ambalo wachezaji wengi wa kiwango chake hulikosa. Tena ana moyo: akiwa nyuma kwa kete moja hakimbii, hutafuta njia. Michezo kadhaa kati ya ile 30 aliiokoa kwa ushupavu huo tu.

Anaujua pia ufunguzi wa Kiitalia, ule ambao askofu mweupe hukaa c4 akitazama f7. Nyumba hiyo ya f7 ndiyo panapouma kwa mwenye kete nyeusi, maana mwanzoni askari aliyepo hapo hulindwa na mfalme peke yake. Mpinzani akitoa farasi wake wote wawili bila hadhari, kijana wetu humrukisha wake hadi g5, na sasa kete mbili zaikabili f7. Wengi hujibu kwa kusukuma askari wa d5. Askari mweupe humla. Nao humla huyo kwa farasi, wasijue kwamba farasi mweupe yu tayari kujitoa sadaka juu ya f7 na kumvuta mfalme wao uwanjani. Kwa mtego huu amevuna pointi nyingi. Ila anayeujua hamli askari yule wa d5. Humpeleka farasi wake pembeni, a5, kumfukuza askofu. Hapo kijana wetu husimama. Amekariri mpaka pale, na baada ya pale hajui kete zake zinataka nini. Waalimu tunawafahamu wanafunzi wa namna hii: hutaja kanuni nzima bila kigugumizi, lakini ukibadilisha namba moja katika swali hukaa kimya.

Hata hivyo, huo sio ugonjwa wake mkubwa. Tulipoisoma michezo aliyoshindwa, zaidi ya nusu haikupotea kwa sababu mpinzani alifikiri mbali. Ilipotea kwa sababu kete yake iliachwa mahali isipolindwa, ikaliwa bure. Tulifanya jaribio dogo. Tuliusimamisha mchezo kabla ya kosa, tukageuza simu upande wake, tukamwuliza: hapa, ni kete gani iliyo hatarini? Alijibu papo hapo, tena sawasawa. Tukarudia na mchezo mwingine, na mwingine. Karibu kila mara aliona. Basi jicho analo. Kinachokosekana ni desturi ya kulitumia kabla ya kidole kugusa kioo. Kutojua na kutotazama ni magonjwa mawili, na dawa zake ni mbali mbali. Anayemtibu asiyetazama kwa kumwongezea maarifa humlemea tu.

Kwa nini hatazami? Sababu ya kwanza ni saa. Hucheza michezo ya dakika tatu kwa kila upande, na dakika tatu hazitoshi kumfundisha mtu kufikiri. Zinatosha kumwonyesha alichokwisha kukijua. Sababu ya pili ni usiku. Umeme hurudi usiku, megabaiti za usiku ndizo za bei nafuu, naye huanza kucheza saa tano akiwa amechoka na darasa. Ya tatu ni hasira. Akishindwa, hubonyeza mara moja kutafuta mwingine, kana kwamba huyo wa pili ndiye aliyemkosea. Tuliona katika orodha usiku mmoja wenye vipigo saba mfululizo, na katika kipigo cha saba hata farasi hakumwona tena.

Udhaifu mwingine ni mwisho wa mchezo. Kete nyingi zikiisha kuondoka, wabaki wafalme na askari wachache, huona kwamba kazi imekwisha. Mfano mmoja wastahili kuelezwa taratibu, na mwenye ubao auweke mbele yake. Mfalme wake mweupe alikuwa d3, askari wake wa pekee e2, mfalme mweusi e7, na zamu ilikuwa yake. Aliona haraka ya kumfikisha askari mwisho wa ubao awe malkia, akamsukuma nyumba mbili hadi e4. Mfalme mweusi akaja e6, akaziba njia, mchezo ukaisha sare. Kumbe ushindi ulikuwapo. Yafaa mfalme atangulie, aende e4. Mweusi akija e6 kumkabili uso kwa uso, ndipo askari husogea nyumba moja tu, e3, na zamu yamwangukia mweusi. Wafalme wawili wanapokabiliana hivyo, anayelazimika kusogea ndiye anayeachia njia. Ile hatua moja ya askari ilikuwa akiba, naye aliitumia siku ya kwanza ya mwezi. (Kwa mshahara wa mwalimu, mfano huu hauhitaji maelezo.) José Raúl Capablanca wa Kuba, bingwa wa dunia tangu 1921 hadi 1927, alifundisha kwamba masomo yaanzie mwisho wa mchezo, kabla ya ufunguzi. Vijana wengi hufanya kinyume, kwa kuwa mafunguzi yana majina mazuri. Mojawapo lina jina la padri Mhispania, Ruy López, aliyechapisha kitabu chake cha sataranji mwaka 1561.

Sasa twarudi kwenye lile neno, kuzaliwa nacho. Mtaalamu wa saikolojia wa Uholanzi, Adriaan de Groot, aliwachunguza mabingwa wakiwa mbele ya ubao, na mwaka 1946 akatoa kitabu juu ya namna wanavyofikiri. Mtu angetazamia kwamba bingwa huhesabu hatua nyingi mno kuliko wengine. De Groot hakuona tofauti kubwa upande huo. Aliona kwamba bingwa huitambua hali ya ubao upesi, na hatua njema humjia miongoni mwa zile za kwanza. Mwaka 1973 Wamarekani wawili, William Chase na Herbert Simon, waliendelea. Waliwaonyesha wachezaji ubao kwa sekunde tano, wakaufunika, wakawaomba wazipange kete upya. Ubao ukitoka katika mchezo wa kweli, bingwa alizirudisha nyingi kuliko anayeanza. Lakini kete zilipotawanywa ovyo, bila maana, faida ile ilikaribia kutoweka. Kumbe bingwa hakuwa na kumbukumbu ya ajabu. Alikuwa na maumbo mengi aliyoyazoea, yaliyokusanywa kwa miaka.

Hatusemi kwamba watu wote ni sawa. Miaka thelathini darasani imetuonyesha watoto wanaoshika jambo mara moja na wengine wanaolishika mara ya kumi. Tunachokataa ni kumhukumu mtoto kabla ya kujua kama hajui au hatazami, kama ameanzia 1500 akashuka au hajawahi kuketi mbele ya ubao. Tulimweleza hivyo. Alijibu kwamba darasa lina watoto 58 na madawati hayatoshi, lazima wengine wakae nyuma. Ni hoja ya kweli, hatukuibisha. Tuliuliza tu kwa nini ni hao watatu kila siku. Hakujibu, lakini juma lililofuata alianza kuzungusha mabenchi kila Jumatatu.

Kuhusu mchezo wenyewe, tulipatana naye mambo machache, maana mengi hayashikiki. Michezo ya dakika tatu ameiacha kwa muda. Hucheza miwili mirefu kwa juma, wa dakika 15 kwa kila upande, na sekunde 10 zinazoongezwa kila hatua, siku ya Jumamosi alasiri, ubongo ukiwa macho. Kabla ya kila hatua hujiuliza: huyu ametaka nini kwa hatua yake ya mwisho? Kisha hutazama kama kuna mfalme wa kutishwa, kete ya kuliwa, kitisho cha kujibu, kwa pande zote mbili. Mwanzoni alilalamika kwamba swali hilo linamchosha. Tulimjibu kwamba hata mtoto anayejifunza kusoma huchoka kufuata mstari kwa kidole, kisha siku moja kidole huanguka chenyewe.

Mafumbo ambayo Lichess hutoa bure, amepunguza hadi matano kwa siku, na haruhusiwi kubahatisha. Asogeze kete akiwa ameona njia yote. Akishindwa mchezo, hafungui mwingine siku hiyo. Huandika kwanza katika daftari, kwa kalamu, ni hatua gani aliyoionea shaka na alikuwa akifikiri nini. Baadaye ndipo huiita programu ya Stockfish, ambayo humshinda bingwa yeyote wa kibinadamu. Zamani aliiita kwanza, kama mwanafunzi anayefungua kurasa za mwisho za kitabu cha hesabu kuona majibu, na mashine ilimwambia alipokosea bila kumwambia kwa nini. Hilo la mwisho yeye peke yake ndiye awezaye kulijua, maana mashine haikuwa ndani ya kichwa chake saa sita ya usiku.

Kwa mwisho wa mchezo, tumetengeneza ubao wa karatasi ngumu na vifuniko vya chupa. Tumemaliza mfalme na askari mmoja. Sasa tuko kwenye minara, ambapo ni vigumu zaidi, na tunajifunza sote wawili. Ubao huo ameupeleka pia darasani. Mmoja wa wale watatu wa nyuma, msichana, ameshika mwendo wa farasi kabla ya wengi wa benchi la mbele, ingawa jedwali la saba bado linampiga chenga.

Ni miezi minne sasa. Ile namba ya michezo mifupi haijasogea, kwa kuwa haichezwi. Lichess huweka namba mbali kwa michezo mirefu, na huko alianza upya kama mgeni, kwa 1500. Ameshinda, ameshindwa, ametoa sare mbili za minara. Na kwa kuwa michezo yake ni michache, kwa majuma kadhaa uwanja uliweka alama ya kuuliza mbele ya namba yake, ishara kwamba haujajua bado yeye ni mchezaji wa kiwango gani. Alituonyesha alama hiyo, akauliza kama inawezekana iachwe hivyo.