Kuziba si Kutengeneza

Siku hizi ukipita kwa mafundi wa pikipiki, tangu Moshi mjini hata huku Machame, utaona kwamba karibu kila fundi ana tyubu ya silikoni kando ya spana zake. Ni dawa ya kuziba: hutoka laini kama dawa ya meno, kisha hukauka ikawa kama mpira. Wengi huisifu, wala mimi siikatai. Lakini nimeona vema kuandika habari zake, kwa sababu pikipiki za zamani ambazo zingeweza kufanya kazi miaka mingi bado, zinakufa kwa dawa hiyo iliyonunuliwa ili ziponywe.

Kwanza tujue asili yake. Silikoni huanzia katika mchanga, ambao huchomwa na kugeuzwa kwa ufundi wa kemia. Jina lake lilitungwa mwaka 1901 na Mwingereza Frederic Kipping, mwalimu wa kemia huko Nottingham, naye hakutazamia kwamba vitu vile vya kunata alivyovipata vingekuwa na faida kubwa. Viwanda vilianza kuitengeneza kwa wingi wakati wa Vita Kuu ya pili. Kampuni ya Dow Corning ilianzishwa kwa kazi hiyo huko Marekani mwaka 1943. Basi pikipiki za BSA na Triumph zilizotoka kabla ya vita hiyo zilifungwa bila silikoni hata tone moja. Hata Honda CG125, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1976, viungo vyake vikubwa hufungwa kwa gasketi, yaani karatasi ngumu iliyokatwa sawasawa na umbo la kiungo, tena yenye unene uliopimwa.

Jirani yangu, mwinjilisti mzee aliyestaafu, anayo Honda ya namna hiyo. Kwa miaka mingi imechukua vitabu, mbegu za mahindi, na wagonjwa wa kupelekwa hospitali. Siku moja ikaanza kudondosha mafuta. Fundi mmoja kijana akaifungua, akaitupa gasketi iliyochanika, akapaka silikoni nene pande zote mbili, akakaza boliti na kuiwasha saa ile ile. Mafuta hayakudondoka tena, na kila mtu akafurahi. Baada ya miezi miwili, ikipandisha mlima na mama mgonjwa amekaa nyuma, injini ikagonga kwa kishindo, ikasimama. Yule mama alipanda kwa miguu, ameshikwa mkono, mpaka gari lilipopatikana.

Nilikuwapo fundi mwingine, mtu mzima, alipoifungua. Katika chujio la mafuta tulikuta vipande vya silikoni vyembamba kama minyoo. Mtu akipaka dawa nyingi na kukaza, sehemu hutoka nje, naye huifuta kwa kitambaa. Lakini sehemu iliyo sawa na hiyo huingia ndani, mahali asipopaona. Huko huning'inia, hupigwa na mafuta ya moto, hukatika, na kuvutwa mpaka kwenye chujio na vijia vya mafuta.

Sisi wa Machame hatuhitaji kuelezwa sana jambo hilo, maana tumelelewa kando ya mifongo. Maji hutoka mtoni juu, yakapita shamba hata shamba. Mtu wa juu akiziba ufa wa mfongo kwa tope jingi pasipo uangalifu, tope huanguka ndani, na migomba ya mtu wa chini hukauka. Wa juu haoni neno, kwake hapavuji. Ndivyo ilivyo injini. Vyuma vya ndani vinavyozunguka kwa kasi ndivyo mashamba ya chini, navyo vikikosa mafuta kwa dakika chache tu, husagana na kuharibika.

Yako makosa mengine. Unene wa gasketi ni kipimo: ukiiondoa na kuweka silikoni mahali pake, vyuma hukaribiana kuliko alivyotaka mtengenezaji, na vingine hubanwa. Silikoni ya kawaida haistahimili petroli. Hufura na kulegea, kwa hiyo haifai katika kabureta. Wala haifai kati ya silinda na kichwa chake, penye moto na mgandamizo mkuu. Tena ile yenye harufu ya siki hutoa asidi inapokauka, nayo huweza kula chuma.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, lakini hawakusema tuzibe pasipo kuuliza ufa umetoka wapi. Mafuta yanayovuja ni shahidi. Huenda tundu la kupumulia la injini limeziba, na hewa ya ndani inasukuma mafuta nje. Huenda uso wa kiungo umekwaruzwa kwa bisibisi. Huenda boliti moja imelegea. Ukimziba shahidi kinywa, kesi haijaisha.

Basi ifanyweje? Gasketi ya zamani iondolewe pole pole, nyuso zisafishwe mpaka zisiwe na mafuta wala mabaki, na unyofu wake upimwe juu ya kioo. Iwekwe gasketi mpya yenye unene ule ule. Ikiwa kitabu cha pikipiki chataka silikoni mahali fulani, ipakwe ile iliyofanywa kwa injini, uzi mwembamba tu, kisha iachwe ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu, mara nyingi siku nzima.

Nasi wenye pikipiki tuna sehemu yetu. Yule kijana aliharakishwa. Aliambiwa, “Isivuje tu, nami niondoke leo.” Kama angeomba siku mbili na fedha ya gasketi, huenda kazi angepewa mwingine. Tukitaka mafundi waaminifu, tuwape muda wa kuwa waaminifu, na bei ya kazi iliyo ndani, isiyoonekana. Mwinjilisti alinunua vyuma vipya kwa fedha iliyozidi bei ya gasketi mara nyingi. Kazi hiyo alimpa kijana yule yule, chini ya macho ya fundi mzee, akamwambia aje kuichukua siku ya tatu.