Amana ya kijisanamu



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi, leo tunaeleza kosa letu wenyewe, huenda likamfaa mtu.

Mwanafunzi wetu mmoja hapa Arua, kwao ni Koboko, alituletea kijisanamu cha plastiki cha mchezaji mpira, mkono umevunjika. Marehemu baba yake alikuwa mshabiki wa Onduparaka, na timu ilipopanda Ligi Kuu ya Uganda mwaka 2016 alimwomba mchezaji mmoja atie saini kwenye kitako chake. "Maalim, wewe unatengeneza redio. Nitengenezee na hiki, ni cha mama."

Kwanza tulimkumbusha kwamba wanazuoni wengi wamekataza sanamu kuwekwa nyumbani kama pambo, na walioruhusu wameruhusu vya kuchezea watoto, kwa hadithi ya Bibi Aisha (R.A.) na wanasesere wake. Tukakubaliana kikipona kikae ndani ya boksi, si kwenye kabati la sebuleni.

Mkono haukutupa taabu. Tulitoa vumbi kwa brashi laini, kavu, tukatia tone la gundi kwa njiti ya kiberiti, tukashika mpaka ikakamata. Tukakiacha wazi usiku kucha, maana mvuke wa gundi ile kali ukifungiwa ndani ya boksi huacha ukungu mweupe juu ya plastiki.

Asubuhi tukaona kitako kina uchafu. Tukachovya pamba kwenye spiriti, tukapangusa mara moja tu. Nusu ya saini ikaondoka na pamba! Wino wa maka peni huyeyuka kwa spiriti, na hilo tulilijua, kwani ndivyo tunavyofuta ubao mweupe darasani tukikosea kalamu.

Mtoto akanyamaza. Kisha akasema, "Maalim, ifuatishe kwa kalamu. Mama hatajua."

Tunakiri kalamu tulikwisha ishika. Ndipo tukakumbuka Mtume (S.A.W.) alivyotia mkono ndani ya lundo la nafaka sokoni, akakuta chini limelowa, akamkemea muuzaji kwa kuficha. Mkono ulioungwa unaonyesha ufa wake. Lakini saini tukiichora sisi, ni yetu, si ya mchezaji, na mjane tunampa uongo autunze.

Jumamosi tukapanda taksi na mtoto mpaka Koboko. Mama alikishika muda mrefu. "Umeniumiza, Maalim," akasema. "Ungeniuliza kwanza. Lakini nusu hii iliyobaki ni yenyewe. Iache."

Basi mwenye kitu kilichotiwa saini, kiwe mpira, jezi au glavu ya ndondi, asikiguse kwa maji, spiriti wala thina. Vumbi atoe kwa brashi kavu. Akiweke mbali na jua, maana jua hufifisha wino, na wakati wa kiangazi akifunike, kwani vumbi la barabara zetu huingia kila mahali. Na kikiwa cha mtu, amuulize mwenyewe kabla ya kufungua chupa yoyote. Sisi hatukuuliza.

Tunamwomba Allah (S.W.) atusamehe, amrehemu marehemu na amlinde mtoto wake. Amin.

Wabillahi tawfiq.